Furu wa Ziwa Victoria kwenye tangi la nyumbani: dalili, chanzo na marekebisho

Samaki wengi waliovuliwa ziwani wakafia sebuleni hawakuuawa na ugonjwa. Waliuawa na maji. Kwa hiyo dalili yoyote utakayoiona, anza na maji, kisha waangalie samaki wenyewe, na dawa iwe ya mwisho. Anayemimina dawa kabla ya kubadili maji huongeza sumu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mwongozo huu unahusu furu, wale samaki wadogo wa mawe na matope wanaoitwa fulu upande wa Kisumu na nkejje Uganda. Umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia, na kile cha nadra kiko mwisho.

Tangi linalozungumziwa ni la sentimita 100 kwa 40 kwa 40, kioo cha milimita 8, maji yakifika kimo cha sentimita 36. Hizo ni lita 144 kabla ya kuweka mawe. Likijaa, pamoja na mchanga na mawe, uzito wake unakaribia kilo 200, hivyo meza ya kawaida haitaliweza. Filta iwe inayosukuma lita 600 hadi 800 kwa saa, au filta mbili za sponji zenye pampu ya hewa. Tangi hilo linatosha furu 8 hadi 10 wa sentimita 8 hadi 10, dume mmoja kwa majike wanne au zaidi. Joto la maji liwe nyuzi 23 hadi 27. Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwa hilo hilo, kwa hiyo aliye Mwanza hana haja ya kurekebisha ugumu wa maji, yaani wingi wa madini yaliyomo. Anachopaswa kuondoa ni klorini tu.

## Kabla ya kuvua, na kabla ya kuingiza mkono kwenye maji

Ukanda wa Ziwa Victoria una kichocho. Minyoo yake hutoka kwa konokono wa majani ya kando ya ziwa na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na hutoka kwa wingi kuanzia asubuhi iliyokucha hadi mchana. Ndiyo maana furu wa kufuga ni vizuri wavuliwe kwa ndoano ndogo, ukiwa juu ya jiwe kavu au ndani ya mtumbwi, si kwa kuingia kwenye matete. Banisha kwa koleo kile kijincha cha ndoano kinachoelekea nyuma ili mdomo wa samaki usichanike. Vyandarua vya mbu na kokoro ni haramu. Muulize afisa uvuvi wa kata au BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) ya mwalo wako kabla ya kuanza. Kuvua wachache wa kufuga ni jambo moja, na kufanya biashara ya samaki hai ni jingine linalohitaji leseni.

Usilete nyumbani konokono wala majani ya ziwani. Mayai ya konokono hukaa chini ya jani na huwezi kuyaona yote. Mawe yasugue, yamwagie maji yanayochemka, kisha yaanike juani kwa wiki nzima (usiyachemshe ndani ya sufuria, kwani jiwe lenye unyevu ndani linaweza kupasuka). Maji ya ziwani uliyosafiria nayo yamwage ardhini, mbali na tangi na mbali na mtaro. Ukilazimika kuyatumia, yachuje kwa kitambaa kizito kusiwe na konokono hata mmoja, kisha yaache siku mbili. Minyoo isiyopata mtu hufa ndani ya muda huo.

Simama, nenda kituo cha afya ikiwa uliingia majini na baadaye ukapata muwasho wa ngozi, homa, au damu kwenye choo au mkojo. Mweleze mganga kwamba uligusa maji ya ziwa. Dawa ya kichocho ipo na inafanya kazi, ila itolewe na aliyekupima.

## Ukaguzi wa dakika tano, kwa dalili yoyote

1. Nusa maji. Maji mazima yananuka udongo wa mvua. Harufu ya yai bovu, choo au bomba jipya ni taarifa.
2. Soma kipimajoto.
3. Weka kiganja mbele ya mdomo wa filta. Je, msukumo ni ule ule wa juzi?
4. Hesabu samaki. Akipungua mmoja, mtafute nyuma ya mawe na nyuma ya tangi.
5. Uliza nyumbani: nani amepuliza dawa ya mbu, nani amefuta kioo kwa sabuni, nani amelisha mara ya pili?
6. Kama una vipimo vya matone, pima amonia na nitriti (sumu zinazotokana na kinyesi cha samaki) na pH (kipimo cha tindikali ya maji). Amonia na nitriti zote ziwe sifuri. Kama huna vipimo, badili theluthi ya maji kwa maji yasiyo na klorini yenye joto lile lile, kisha angalia baada ya saa moja. Samaki akipata nafuu, tatizo lilikuwa maji.

## Samaki anaelea tumbo juu mara tu baada ya kuvuliwa

Karibu kila mara chanzo ni kina. Furu ana kifuko cha hewa kisicho na njia ya kutolea hewa haraka. Ukimvuta kutoka mita kumi kwa pumzi moja, hewa hiyo inatanuka na kumpindua. Wengine macho hutokeza nje, na wengine utumbo husukumwa hadi mdomoni.

Aliyepinduka kidogo mwache kwenye ndoo yenye kivuli na hewa. Wengi hujirekebisha ndani ya saa chache. Aliyetokwa macho na utumbo usimchome sindano ukiwa hujawahi kufundishwa kazi hiyo, kwani utatoboa ini. Dawa ya kweli ni kuvua kwenye kina kisichozidi mita mbili. Kando ya mawe kuna furu wa kutosha.

Hakikisha pia uliyemvua ni furu. Watoto wa sato hufanana nao sana. Dume la furu lina madoa ya manjano au chungwa, kama mayai, kwenye pezi la chini nyuma ya tumbo. Mtoto wa sato ana doa jeusi sehemu ya nyuma ya pezi la mgongoni. Mtoto wa sangara anapendeza akiwa na sentimita tano, na baada ya muda atabaki peke yake tangini. Kambare na kamongo hawafai kwa tangi hili hata kidogo. Dagaa hufa mikononi, kwa hiyo waache.

## Wanakufa ndani ya siku mbili za kwanza

Tangi jipya lisilo na bakteria. Hili linaongoza kwa mbali. Kinyesi na mkojo wa samaki hutoa amonia. Bakteria wa kwenye filta huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujenga makao. Katika muda huo washa filta, tupia chembe chache za chakula kila siku mbili ili zioze, na usiweke samaki hadi amonia na nitriti zirudi sifuri. Ukipata kipande cha sponji chafu kutoka tangi la mtu lililokaa miezi bila ugonjwa, muda unapungua sana. Tope la ziwani si mbadala wake, maana linakuja na konokono, ruba na vimelea.

Kuna jambo ambalo wafugaji wa furu wanapaswa kulijua kuliko wafugaji wengine. Sumu ya amonia inategemea pH. Kwa nyuzi 25, maji ya pH 7 yana chini ya asilimia 1 ya amonia katika hali yake ya sumu. Kwa pH 8 ni kama asilimia 5. Kwa pH 9 ni zaidi ya theluthi. Maji ya Ziwa Victoria mara nyingi yako juu ya 7, na mchana wenye jua hupanda zaidi. Kiwango cha amonia ambacho samaki wa maji yenye tindikali anakivumilia kinaweza kumuua furu.

Kuzoeshwa polepole mno baada ya safari ndefu. Wengi wamefundishwa kudondosha maji tone kwa tone kwa saa mbili. Kwa samaki aliyekaa ndani ya mfuko wa plastiki saa tano au sita, huko ni kumtesa. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa chafu anayotoa inashusha pH, na amonia iliyojikusanya inakuwa haina makali. Ukifungua mfuko hewa hiyo inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu samaki akiwa bado ndani. Fanya hivi: elesha mfuko ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, fungua, ongeza maji ya tangi yanayolingana na nusu ya yaliyomo, subiri dakika tano, rudia mara moja, kisha mhamishe samaki kwa wavu. Maji ya mfuko yasiingie tangini.

Klorini. Samaki hukimbia kimbia, hupumua haraka, kisha hulala ubavu. Acha maji ya bomba kwenye pipa lililo wazi, pampu ya hewa ikitoa mapovu, kwa saa 24 hadi 48. Mwenye haraka atumie sodiamu thayosalfeti, gramu 1 kwa lita 100. Kama mamlaka ya maji ya mji wako inatumia kloramini, kuacha pipa wazi hakusaidii. Tumia dawa ya kuondoa klorini inayotaja kloramini kwenye chupa.

Mfuko uliojaa kupita kiasi. Theluthi moja maji, theluthi mbili hewa, na furu mmoja wa sentimita 8 kwa kila lita na nusu. Asilishwe saa 24 kabla ya safari. Weka mifuko ndani ya boksi lenye giza. Mapezi ya mgongoni yana miiba, kwa hiyo weka mfuko ndani ya mfuko.

## Wanapumua juu ya maji, midomo ikigusa hewa

Tenganisha kwanza: ni wote au ni mmoja? Wote kwa pamoja ni maji. Mmoja peke yake ni samaki mwenyewe, au anafukuzwa na dume na amejificha pembeni juu.

Wakiwa wote, fuata mpangilio huu.

Umeme umekatika au filta imeziba. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa hubeba takribani miligramu 8 za oksijeni kwa lita yakiwa usawa wa bahari. Mwanza, mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, hubeba pungufu ya hapo. Joto likipanda, hupungua tena. Umeme ukikatika usilishe. Chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka kimo cha sentimita 30, mara ishirini, kila robo saa, au weka pampu ya hewa ya betri. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe filta ya kopo (ile iliyofungwa, inayokaa nje ya tangi) moja kwa moja: bakteria waliomo wamekosa hewa na maji yaliyolala ndani yameoza. Fungua, mwaga, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, ndipo uwashe.

Amonia au nitriti. Kwa amonia, matamvua huwa mekundu kama yaliyoungua. Kwa nitriti hugeuka rangi ya kahawia, kwa sababu damu imepoteza uwezo wa kubeba oksijeni. Badili nusu ya maji leo na theluthi kesho, acha kulisha siku tatu. Kwa nitriti ongeza chumvi isiyo na madini joto, gramu 1 kwa lita, kwa tangi letu kama gramu 140. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo na uiingize kwa awamu tatu ndani ya siku moja. Chumvi huzuia nitriti kuingia kwenye matamvua. Kisha tafuta asili yake: samaki aliyekufa nyuma ya jiwe, chakula kingi, au sponji iliyooshwa kwa maji ya bomba na kuua bakteria. Sponji huoshwa kwa maji ya tangi tu, na kama ni mbili, moja kwa wakati.

Dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza zina kemikali za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo. Jambo linalosahaulika ni kwamba pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji. Kabla ya kupuliza, zima pampu, funika tangi kwa shuka lenye maji, na fungua madirisha angalau saa moja kabla ya kuiwasha tena. Siku ya kupuliza dawa ya ukoko kwenye kuta za nyumba nzima, hamisha samaki. Kama tayari wameathirika, wanatetemeka na kugonga vioo, badili asilimia 70 ya maji mara moja na weka mkaa maalumu wa kuchuja kwenye filta.

Joto. Tangi lililo dirishani hufika nyuzi 31 saa tisa alasiri. Lihamishe, au weka pazia. Barafu usimwage ndani. Iweke kwenye chupa iliyofungwa na uache chupa ielee juu ya maji.

Akiwa mmoja, anapumua haraka na shavu moja limefungwa, fikiria minyoo ya matamvua, inayokuja na samaki wa ziwani mara nyingi. Mweke kwenye beseni lenye gramu 10 za chumvi kwa lita, dakika 15, ukimtazama muda wote. Akipinduka mtoe hapo hapo. Asipopata nafuu kwa siku tatu, hii ni kazi ya daktari wa mifugo, kwa sababu dawa ya minyoo hii hupimwa kwa miligramu na kosa dogo linaua.

## Nyuzi, chawa, madoa na vumbi kwenye ngozi

Samaki wa ziwani huja na abiria. Kwa hiyo furu wapya wakae peke yao wiki nne, kwenye beseni au pipa la lita 60 lenye sponji na kifuniko, kabla ya kuonana na wa zamani. Hatua hii peke yake inaokoa samaki wengi kuliko dawa zote za dukani.

Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, samaki akijikwaruza kwenye mawe: ni ugonjwa wa vidoa vyeupe. Kimelea kikiwa ndani ya ngozi hakishikiki. Kinauawa kinapoogelea kutafuta samaki mwingine. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 29 au 30, nyuzi moja kwa kila saa chache, ongeza hewa, weka chumvi gramu 2 hadi 3 kwa lita, na uendelee siku 10 hata kama vidoa vimepotea siku ya nne. Wengi huacha mapema na ugonjwa hurudi na nguvu.

Vumbi la dhahabu linaloonekana kwa tochi ya ubavuni: tiba ni ile ile ya chumvi, na tangi lifunikwe lisipate mwanga, maana kimelea hiki hutumia mwanga kama mmea.

Uzi mweupe wa milimita 5 hadi 10 unaotokeza kwenye ngozi iliyovimba ni mnyoo nanga. Mshike samaki kwa kitambaa kilicholowa, banisha mnyoo kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu, kisha paka ayodini kwa pamba bila kugusa matamvua. Rudia ukaguzi baada ya wiki mbili, kwani mayai yalishadondoka majini. Kitu bapa, cha mviringo, kinachopenya mwanga na kinachotembea ni chawa wa samaki. Kitoe kwa kibano vivyo hivyo. Ruba ataachia kwenye maji ya chumvi.

Madoa meusi madogo yasiyoongezeka waache nayo. Ni viluwiluwi vya minyoo ambavyo vinahitaji konokono na ndege ili kukamilisha maisha yao. Sebuleni hakuna ndege anayekula samaki, na konokono hukuwaleta.

Onyo kuhusu kopa, yaani madini ya shaba. Dawa nyingi za vimelea zina kopa. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, na katika maji laini kopa huwa kali mara nyingi zaidi kuliko karatasi ya dawa inavyosema. Furu hufa kabla ya kimelea. Usiitumie. Fomalini nayo isishikwe nyumbani. Inaunguza macho na mapafu ya binadamu.

## Hali chakula

Je, ni jike, na sehemu ya chini ya mdomo imetuna? Basi haumwi. Amebeba mayai. Jike la furu hutunza mayai na watoto mdomoni kwa wiki mbili na nusu hadi tatu, na muda wote huo hali au anaonja kidogo tu. Usimshike, usimfukuze kwa wavu, akitishwa huyatema. Ukitaka watoto waishi, siku ya 14 au 15 mhamishe usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwenye tangi dogo lenye sponji.

Kama siyo hivyo, samaki aliyevuliwa juzi hajui punje za dukani ni chakula. Mpe siku tatu bila kitu, kisha viluwiluwi vya mbu vya kwenye pipa safi la nyumbani (siyo vya mtaroni), au vipande vya mnyoo wa ardhini. Baada ya wiki changanya na punje nusu kwa nusu. Walioishi kwenye mawe wengi hukwangua mwani. Wape mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto dakika moja na kufungwa kwenye jiwe.

Mwingine anakataa kwa sababu ya baridi. Mwezi Juni na Julai maji ya nyumba yenye upepo hushuka hadi nyuzi 20, na hamu ya kula inapotea. Hita ya wati 100 inatosha.

## Tumbo limevimba, kinyesi cheupe kama uzi

Kinachoongoza ni chakula: nyama ya ng'ombe, maini, ugali, mkate, au unga wa dagaa kila siku. Utumbo wa furu mkwangua mwani ni mrefu na hauwezi mafuta hayo. Mfungishe siku nne, badili maji, kisha rudi na mchicha na kiasi kidogo cha punje. Lishe iwe mara moja au mbili kwa siku, kinachoisha ndani ya dakika mbili.

Kinyesi cheupe kinachoendelea zaidi ya wiki ni vimelea vya tumboni, na hapo dawa ya kuandikiwa inahitajika. Magamba yakisimama kama ya koni ya msonobari, figo zimeharibika na mara nyingi hapana kurudi; mtenge asiwaambukize wengine. Usiwape samaki vidonge vya binadamu vilivyobaki kabatini. Aliyesomea magonjwa ya samaki anapatikana kupitia ofisi ya mifugo na uvuvi ya wilaya, na kwa waliopo Mwanza, Nyegezi kuna kituo cha TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) na chuo cha FETA (wakala wa mafunzo ya uvuvi).

## Dume linaua wenzake, au wote wamepauka

Tangi lenye furu wanne ni hatari kuliko lenye kumi. Wakiwa wachache, dume mkuu anamchagua mmoja na kumfukuza hadi afe. Tibu hivi: toa dume kwa siku tano, hamisha mawe yote yawe na sura mpya, kisha mrudishe akiwa mgeni. Ongeza majike. Panga mawe kwa marundo mawili yenye nafasi kati yake ili anayekimbia asionekane. Mawe yakae juu ya kioo cha chini au kipande cha plastiki kabla ya kumwaga mchanga. Furu huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga huporomoka na kuvunja kioo.

Rangi iliyopotea mara nyingi si ugonjwa. Dume aliyeshindwa huficha rangi yake asipigwe. Kama wote wamepauka, punguza mwanga na weka kitambaa cheusi nyuma ya tangi.

Usichanganye furu wa aina mbili zinazofanana, kwa mfano, kwa majina ya kisayansi, Pundamilia nyererei dume mwekundu mgongoni na Pundamilia pundamilia wa samawati. Majike hutambua dume wa kwao kwa rangi, na kwenye maji machafu au taa mbovu wanakosea na kuzaa machotara. Jambo hilo limetokea hata ziwani penyewe, pale maji yalipopoteza uangavu.

## Rangi ya maji

Meupe kama ya mchele katika wiki mbili za kwanza: bakteria wanaongezeka, yatang'aa yenyewe, punguza chakula. Kijani: jua na chakula kingi, zima taa siku tatu na funika tangi kwa shuka. Kahawia siku ya kwanza: mchanga haukuoshwa vya kutosha. Mapovu mapya ya harufu mbaya kutoka kwenye mchanga: umezidi sentimita 5 na umekosa hewa. Punguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, usiukoroge wote siku moja.

## Tangi linavuja, au maji yanakupiga shoti

Unyevu chini ya tangi usikuogopeshe kabla ya kufuta. Futa kwa karatasi kavu viungo vyote na usubiri saa moja. Mara nyingi ni mvuke wa kifuniko au mrija wa pampu unaonyonya maji kurudi nyuma umeme ukikatika. Weka vali ya kuzuia kurudi, au pandisha pampu juu ya usawa wa maji.

Kama ni kiungo kweli, toa maji hadi chini ya sehemu inayovuja na uhamishe samaki kwenye mapipa. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Kwangua yote ya ndani kwa wembe, futa kwa spiriti, paka silikoni ya asilimia 100 isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, acha siku saba. Ufa kwenye kioo chenyewe hauzibwi kwa silikoni. Simama, mwite fundi vioo, na lita 144 zisirudi humo mpaka kioo kimebadilishwa.

Ukihisi shoti au mchomo kwenye kidole, usiingize mkono tena, wala usichomoe hita kwa mkono uliolowa. Zima swichi kuu ya nyumba kwanza. Mara nyingi ni hita iliyopasuka. Itupe, usiifunge kwa gundi. Kisha mwite fundi umeme mwenye leseni akague soketi na waya wa ardhini, na aweke kikata umeme kinachozima chenyewe umeme ukivuja. Kila waya unaotoka tangini uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondokee sakafuni.

## Samaki wamezidi, au unahama

Furu waliokaa na samaki wengine au maji ya dukani hawarudi ziwani, hata kama ndiko walikotoka, hata kama ni wazima. Wanabeba vimelea na machotara ambavyo ziwa halikuwa navyo. Sangara waliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na waliposhamiri miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilitoweka. Wape wafugaji wengine, au shule yenye tangi. Tangi ulilolibomoa, mchanga wake uanike juani hadi ukauke kabisa, maji yake mwagia migomba, na filta isuuze kwa klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 19, kabla ya kuihifadhi.